KUFUNGUA MITANDAO YA SIMU KWA WATOA HUDUMA WENGINE

(Matini ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali, masheha na wananchi. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakujaaliwa kuhudhuria.)

Waheshimiwa Viongozi,
Ndugu Watumishi wa Serikali,
Masheha wetu,
Mabibi na Mabwana,



 Waandalizi wameniomba nizungumze juu ya jambo ambalo jina lake ni gumu kuliko lenyewe. Jambo hilo ni kuzifungua njia za mitandao ya simu za mkononi ili watu wengine, wasiokuwa kampuni za simu, waweze kutoa huduma zao kupitia mitandao hiyo kwa utaratibu mmoja unaojulikana na wote.

Ndugu Wananchi,

Nitaanza na kisa ambacho mimi mwenyewe nilihusika nacho. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa miongoni mwa watumishi waliopewa kazi ya kupeleka ujumbe mfupi kwa akina mama wajawazito, kuwakumbusha tarehe zao za kliniki na kuwaarifu yanapotokea mabadiliko. Kazi ilionekana nyepesi. Namba tulikuwa nazo, na maneno tulikwisha yaandika. Kilichobakia ni kuziomba kampuni za simu zitufikishie.

Kampuni ya kwanza ilitaka orodha iandikwe kwa namna yake. Ya pili ilikuwa na namna nyengine kabisa, na ilitaka programu yetu ibadilishwe ndipo izungumze na mitambo yake. Ya tatu haikujibu barua zetu. Tulipomaliza kazi na ya pili, ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kubadilisha mfumo wake bila ya kutuarifu, nasi tukarudi mwanzo.

Katika muda huo, mama mmoja alivuka kwa mashua kutoka kisiwa kidogo, akafika asubuhi mahali pa kliniki na kukuta imehamishiwa siku nyengine. Ujumbe wa kumwarifu ulikuwa umeandikwa na umelala ndani ya kompyuta yetu. Laini yake ilikuwa ya ile kampuni ya tatu. Nami, nasema haya bila ya kujificha, nilikuwa nimekwisha tia saini taarifa iliyosema kuwa mpango umetekelezwa kwa kiasi kikubwa.

Sikukileta kisa hiki kwa nia ya kumlaumu mtu. Kila kampuni ilikuwa na mitambo yake, mafundi wake na taratibu zake, na hakuna aliyevunja sheria. Kasoro ilikuwa ni kukosekana kwa mlango mmoja wenye kipimo kimoja. Wazee wetu waliuza na kununua karafuu na nafaka kwa pishi na kibaba kwa sababu pishi ilijulikana. Lau kila mwenye duka angekuwa na pishi yake, mnunuzi angelazimika kujifunza hesabu mpya kila anapovuka njia.

Ndugu Watumishi,

Yafaa tufahamiane juu ya maana ya kufungua mtandao, kwani neno hili huwatia watu khofu. Haina maana ya kumpa mtu wa nje ufunguo wa mitambo. Mfano wake tunao katika nyumba zetu za Mji Mkongwe. Mgeni akifika huketi barazani. Kahawa hutoka ndani, naye huinywa akaondoka ameridhika. Lakini hakuingia vyumbani wala hakujua nyuma ya mlango kuna nini. Kiunganishi sanifu ni baraza ya mtandao wa simu. Programu ya mtu wa nje huleta ombi lake pale, kwa maneno yaliyokubaliwa. Mtandao hulipima ombi hilo, hutoa jibu lililoruhusiwa na hakuna zaidi. Na linapokuwa sanifu, maana yake ni kwamba aliyejifunza adabu ya baraza moja amezijua baraza zote za mji.

Jambo hili halikuanza jana. Nchini Marekani, kwa miaka mingi kampuni ya AT&T ilikataza kifaa chochote kisichokuwa chake kuungwa na simu zake. Mwaka 1968 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilitoa uamuzi katika shauri la kifaa kilichoitwa Carterfone, kilichounganisha redio ya upepo na simu ya kawaida, na ikasema kuwa watu wanaweza kuunga vifaa vyao maadamu havidhuru mtandao. Baadaye zikawekwa kanuni za kiufundi na soketi ya namna moja. Kutoka hapo wananchi waliweza kununua dukani mashine za kupokea ujumbe, za faksi na modemu, bila ya kumwomba mwenye waya ruhusa kwa kila kimoja. Modemu hizo ndizo zilizowafikisha watu wengi kwenye intaneti.

Simu za mkononi nazo zina historia yake. Simu ya kwanza katika mtandao wa GSM ilipigwa Finland mwaka 1991, na ujumbe mfupi wa kwanza ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Disemba, 1992. Kwa sababu GSM ilikuwa kanuni ya pamoja, laini ya nchi moja iliweza kutumika nchi nyengine. Lakini kanuni hiyo iliunganisha zaidi mitandao kwa mitandao. Mtu mwenye fikra yake, asiyekuwa na minara, alibakia nje.

Mwaka 1998 kampuni tano, zikiwemo BT, Microsoft, Nortel na Siemens, ziliunda kundi la Parlay ili kuandika viunganishi ambavyo mtu wa nje angevitumia katika mitandao ya simu. Kanuni ziliandikwa, na kwa upande wa ufundi zilikuwa kazi nzuri. Hata hivyo hazikuenea kama ilivyotarajiwa. Zilikuwa ngumu kwa mtengenezaji wa kawaida wa programu, na kila kampuni iliyozitumia ilizitumia kwa namna yake, hata usanifu ukapotea.

Wakati huo huo, Japani ilitupa fundisho la upande wa pili. Mwezi wa Februari, 1999, kampuni ya NTT DoCoMo ilianzisha huduma ya i-mode. Watoa huduma wa nje walitengeneza kurasa zao kwa lugha nyepesi iliyokaribiana na ile ya intaneti, na kampuni iliwakusanyia malipo kupitia bili za wateja. Katika kila malipo hayo, DoCoMo ilichukua asilimia 9, na asilimia 91 ilikwenda kwa mwenye huduma. Mamilioni ya watu walijiunga katika miaka michache. Kwa maneno mengine, kanuni nzuri peke yake haitoshi. Lazima iwe nyepesi kuitumia, na lazima anayefanya kazi aone tija ya kazi yake.

Ndugu Wananchi,

Tusiende mbali zaidi. Hapa Afrika ya Mashariki sote tumeishi katika mabadiliko haya. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi, 2007, na Tanzania mwaka 2008. Kwa miaka mingi mfanyabiashara wa Kenya aliyetaka kompyuta yake ijue kuwa mteja amelipa hakuwa na mlango rasmi wa kuuliza. Wengine waliweka simu mezani ipokee ujumbe wa malipo, na programu ikausoma ujumbe ule neno kwa neno. Kampuni ikibadilisha mpangilio wa maneno, biashara husimama. Mwaka 2015 mitambo ya M-Pesa ya Kenya ilihamishwa kutoka Ujerumani ikaletwa Kenya, na viunganishi vipya vikaanza kutolewa. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua mlango kwa watengenezaji wote na kuupa jina la Kiswahili, Daraja. Maduka, skuli na vyama vya ushirika viliweza kuunganisha hesabu zao na malipo bila ya hila ya kusoma ujumbe.

Hata hivyo daraja lile ni la kampuni moja. Aliyejenga juu yake hakujenga juu ya mtandao wa kampuni nyengine.

Tanzania ilipita njia nyengine yenye manufaa makubwa. Mwaka 2014 kampuni ambazo wakati ule ziliitwa Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana kuwa mteja wa mmoja aweze kumpelekea fedha mteja wa mwengine moja kwa moja, na mwaka 2016 Vodacom nayo ikaingia. Nchi yetu ilikuwa miongoni mwa za mwanzo duniani kufanya hivyo. Mapatano yale yalikuwa ya wawili wawili. Kwa hesabu nyepesi, kampuni zikiwa tano, mapatano ya wawili wawili ni kumi. Zikiwa kumi, ni arobaini na tano. Pakiwepo mlango mmoja wa pamoja, kila kampuni hujiunga mara moja tu. Hiyo ndiyo faida ya mfumo wa pamoja wa malipo wa Benki Kuu ya Tanzania, unaoitwa TIPS, ambao ulikuja baadaye. Nayo namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo leo kila mwananchi anayelipa ada ya Serikali anaijua, imejengwa juu ya fikra ile ile: ofisi moja hutoa namba, na njia yoyote ya malipo huitambua.

Sasa dunia inajaribu tena lile ambalo Parlay haikulifikia. Mwaka 2022 ulianzishwa mradi wa CAMARA chini ya Linux Foundation, ambapo viunganishi vya mitandao ya simu huandikwa hadharani na yeyote anaweza kuvisoma bila ya malipo. Mwezi wa Februari, 2023, mjini Barcelona, jumuiya ya kampuni za simu duniani, GSMA, ilizindua mpango wa Open Gateway kwa makubaliano ya makundi 21 ya kampuni za simu, na kwa viunganishi 8 vya mwanzo. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, kampuni tatu za Brazil, yaani Claro, TIM na Vivo, zilianza kutoa viunganishi hivyo kwa pamoja. Mwaka 2024 kampuni ya Ericsson na kampuni 12 za simu zilitangaza kuunda kampuni moja ya kuviuza duniani kote.

Naomba nieleze vitatu kati yake, kwani vinatugusa.

La kwanza ni ulinzi dhidi ya wizi wa laini. Mwizi hujifanya ndiye mwenye namba, akapewa laini mpya yenye namba ile, na tangu hapo ujumbe wa siri unaotoka benki humfikia yeye. Mwenye simu hugundua pale mtandao unapopotea, na mara nyingi fedha zimekwisha ondoka. Kiunganishi hiki huiwezesha benki, kabla ya kutoa fedha, kuuliza mtandao swali moja: je, laini ya namba hii imebadilishwa katika siku chache zilizopita? Jibu ni ndiyo au hapana. Mjane aliyeweka akiba yake katika simu hulindwa na neno hilo moja.

La pili ni uthibitisho wa namba. Mtandao unajua ni laini gani inayotumia data wakati huo. Unaweza basi kuthibitisha kuwa namba iliyoandikwa ndiyo ya simu inayotumika, bila ya kumtumia mtu tarakimu za siri ambazo tapeli atampigia azitaje.

La tatu ni mahali simu ilipo, na hapa nataka tusikilizane kwa makini. Kiunganishi kinaweza kujibu kama simu fulani iko ndani ya eneo fulani, bila ya kutaja nukta yenyewe. Kinaweza kumsaidia mwenye kadi ya benki, au waokoaji wanaomtafuta mvuvi aliyechelewa kurudi. Lakini ni kitu kile kile ambacho mikononi mwa asiyestahiki kitamfuatilia mke wa mtu, mwandishi wa habari au mpinzani wa kisiasa. Baraza ikikosa mwenyeji wa kuisimamia, hugeuka njia ya wapitao.

Waheshimiwa Viongozi,

Kuna wanaopinga, na hoja zao zinastahiki kujibiwa. Kampuni husema: sisi ndio tuliojenga minara na kulipia leseni, kwa nini mgeni aje avune? Hoja hii ina haki ndani yake, na hakuna anayesema wapewe watu bure. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila huduma mpya inayopita mtandaoni huleta matumizi mapya kwa mwenye mtandao, na bei iliyotangazwa humpatia mapato. Tunachokikataa ni bei inayobadilika kwa kumtazama mtu usoni, na desturi ya kumfungia mlango mtoa huduma mdogo mara tu kampuni inapoona kuwa kazi yake imefaulu.

Wengine wanasema visiwa vyetu ni vidogo na wateja wetu ni wachache. Mimi naona uchache huo ndio sababu. Kijana wa Chake Chake aliyetengeneza programu ya kuwapa wakulima wa mwani bei ya siku hana uwezo wa kuandika programu ile mara nne kwa kampuni nne. Katika soko kubwa angeweza kuridhika na wateja wa kampuni moja. Kwetu, kampuni moja ni nusu ya kijiji, na nusu nyengine hubakia nje, kama alivyobakia yule mama.

Aidha tusisahau kuwa wengi wa wananchi wetu wanatumia simu ndogo za vitufe. Kwao huduma ni nyota, tarakimu na alama ya reli. Mlango utakaofunguliwa kwa simu kubwa peke yake utakuwa umewafungia wale wanaouhitaji zaidi.

Nakumbusha pia mipaka yetu. Posta na simu ni jambo la Muungano, na usimamizi wake uko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa mujibu wa sheria. Serikali yetu haiwezi kutoa amri juu ya mitambo ya kampuni hizo. Lakini Serikali ni mteja mkubwa. Hospitali, skuli, ofisi za ardhi, maji na mapato, zote hununua huduma za ujumbe na malipo, na mteja ana haki ya kusema anachotaka katika mkataba wake. Vile vile, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, imeweka wajibu kwa kila anayekusanya na kutumia taarifa za watu, na inahusu Zanzibar katika mambo ya Muungano.

Kwa hivyo, nina mambo matano ninayoyapendekeza kwa Wizara, Idara na Mashirika yetu.

Kwanza, kila ofisi iandike orodha ya huduma zake zote zinazopita katika mitandao ya simu, mkataba wake ni na nani, na unakwisha lini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ofisi nyingi zitashangaa kwa zitakachokikuta.

Pili, mikataba mipya itaje kuwa huduma itapatikana kwa wateja wa kampuni zote, kwa kutumia viunganishi vilivyoandikwa hadharani kila vinapokuwepo, na kuwa programu iliyogharamiwa na Serikali isifungwe kwa mtandao wa kampuni moja.

Tatu, mkataba utaje muda wa taarifa. Kampuni isibadilishe mfumo wake kabla ya kuwaarifu wanaoutegemea na kuwapa nafasi ya kujitayarisha.

Nne, pasiwepo ofisi itakayoomba kujua mahali simu ya mtu ilipo bila ya ridhaa ya mwenyewe au msingi wa sheria, na kila ombi liandikwe katika daftari: nani ameuliza, lini, na kwa sababu gani. Mwananchi awe na haki ya kuuliza na kujibiwa.

Tano, masheha wasaidiwe kuwaeleza watu kwa lugha nyepesi ni huduma ipi ya Serikali na ipi siyo, kwani mlango ukifunguliwa, matapeli nao watajaribu kujipenyeza kwa jina la Serikali.

Ndugu Wananchi,

Mambo haya hayahitaji bajeti kubwa. La kwanza linahitaji karatasi na mtu wa kuandika. La pili na la tatu ni aya mbili katika mkataba. La nne ni uaminifu. La tano ni maneno. Gharama kubwa tunaipata kwa kutoyafanya, na wanaoilipa hawaonekani katika hesabu zetu. Katika taarifa yangu ya wakati ule palikuwa na idadi ya ujumbe uliofika. Hapakuwa na nafasi ya kuandika watu ambao haukuwafikia. Naomba kila atakayeandika taarifa ya huduma ya simu katika ofisi yake aiongeze nafasi hiyo, na aijaze kwa ukweli.